Nataka kununua pikipiki ya safari ndefu iliyotumika: nikague nini kabla sijatoa hela?

Njiapanda:

Wakuu, habari zenu. Nimeendesha pikipiki ndogo za cc 150 kwa muda mrefu, sasa nataka kuhamia kwenye zile za masafa, zenye kioo kikubwa mbele, masanduku pembeni na kiti ambacho mke wangu ataweza kukaa siku nzima mgongo usimuume. Mpya siiwezi, kwa hiyo natafuta iliyotumika.

Nimebakiwa na mbili. Ya kwanza ni Yamaha FJR1300 ya 2008, imetembea kilomita 92,000, mwenyewe anaitumia mpaka leo na ana daftari la matengenezo. Ya pili ni Honda ST1300 ya 2006, kilomita 19,000 tu, inang'aa, ila muuzaji anasema imekaa ndani miaka kadhaa kwa sababu aliumia goti. Bei zinakaribiana. Moyo unanivuta kwenye hiyo ya kilomita chache, na kila niliyemuuliza ananiambia hivyo hivyo.

Jumamosi naenda kuziona zote mbili. Nikifika pale nianzie wapi? Kwenye pikipiki ndogo nilikuwa naangalia cheni, tairi na moshi, basi. Hizi zimefunikwa plastiki mwili mzima, hata injini siioni.

Bi_Spana:

Njiapanda, kilomita chache zisikufumbe macho. Pikipiki za aina hii zimeundwa kutembea. FJR ina silinda nne na cc 1,298. Ukiwa barabara kuu injini haihangaiki hata kidogo. Kama oili ilibadilishwa kwa wakati, 92,000 si uzee kwake. Kinachoziharibu ni kukaa. Petroli ya zamani inaganda kwenye nozeli (vitundu vinavyonyunyizia petroli kwenye injini), mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewani, sili za shokapu zinakauka, tairi zinachanika, betri inakufa, na mita haionyeshi hata kimoja cha hivyo. Mimi ni fundi. Pikipiki zinazoletwa kwangu kwa sifa ya "haijatembea kabisa" ndizo zinazolala gereji muda mrefu. Kwa hiyo zikague zote mbili kwa macho yale yale, ndipo uamue.

Kabla hujatoka nyumbani, mpigie simu muuzaji umwombe asiiwashe mpaka ufike. Ukifika, sogeza kiganja karibu na bomba la eksozi pale linapotokea kwenye injini. Likiwa na joto, kuna kitu amekificha, au hakukusikiliza. Subiri ipoe, hata kama ni saa mbili. Ugumu wa kuwaka, moshi na milio mibaya hujitokeza injini ikiwa baridi. Ikishapata moto nusu ya hayo yanapotea.

Ikiwaka, usimwongeleshe mtu kwa nusu dakika. Sikiliza. Kwenye FJR kuna tatizo linalojulikana na waendeshaji wake, la tenshena, kifaa kinachoikaza cheni ya taimingi iliyo ndani ya injini na inayoendesha valvu. Springi yake ikichoka, utasikia mchakarisho kama cheni inayoburutwa ndani ya ndoo ya bati, hasa wakati wa kuwasha na injini inapounguruma taratibu. Hilo usilichukulie kirahisi, kwa sababu cheni ikiruka meno valvu zinagongana na pistoni na injini imekwisha. Lakini tenshena yenyewe ni kifaa kidogo kinachobadilishwa bila kushusha injini. Ukiusikia mlio huo una sababu ya kupunguziwa bei, na pikipiki isiendeshwe mpaka kibadilishwe.

Moshi unaujua, ila niongeze kidogo. Mweupe mwepesi unaoisha injini ikipata joto ni mvuke tu. Mweupe mzito usioisha maana yake maji ya rejeta yanaingia ndani. Wa bluu ni oili inaungua.

Halafu daftari. Usilipekue haraka haraka ukaridhika kwa kuwa lina mihuri. FJR hupimwa tapeti (nafasi ndogo iliyopo kwenye kila valvu) kila baada ya kilomita kama 42,000, kwa hiyo hiyo ya 92,000 ilitakiwa iwe imepimwa mara mbili. Muulize: tapeti zilipimwa lini, na vipimo vilikuwaje? Ina valvu kumi na sita. Fundi aliyeifanya kazi hiyo kweli huandika kipimo cha kila moja. Ni kazi ya kutoa plastiki na tenki ili kufika juu ya injini, ndiyo maana wengi huikwepa na kuandika "servisi kubwa" bila maelezo. "Servisi kubwa" peke yake sikubaliani nayo.

Sasa hiyo Honda. Hapa naomba usome polepole.

ST1300 ina breki zilizounganishwa. Ukibana ya mbele, na ya nyuma inashika kiasi. Ukikanyaga ya nyuma, na ya mbele inafanya kazi. Kinachounganisha ni masta (pampu inayosukuma mafuta ya breki) ndogo ya pili iliyofungwa kwenye shokapu la mbele la kushoto, pamoja na kalipa, kile kibanio cha breki. Ukifunga breki gurudumu likizunguka, kalipa hiyo inavutwa kidogo, inasukuma masta ndogo, na masta inapeleka mafuta nyuma. Ndani yake kuna tundu dogo sana la kurudishia mafuta. Mafuta yakikaa miaka bila kubadilishwa yanaacha uchafu, tundu linaziba, na presha iliyokwenda nyuma hairudi. Breki ya nyuma inabaki imeshika wakati wewe umeachia. Barabarani inapata moto, mafuta yanachemka, na gurudumu linaweza kujifunga ukiwa kwenye mwendo. Mfumo wa jamii hiyo upo pia kwenye Gold Wing GL1800, pikipiki nyingine kubwa ya Honda, na mwaka 2011 Honda iliziita Gold Wing nyingi zirudishwe kwa ajili ya masta hiyo ya pili.

Kuikagua hakuhitaji kifaa chochote. Pandisha pikipiki kwenye dabo stendi, weka gia huru, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Kwenye pikipiki ya shafti litazunguka kwa uzito kiasi, hilo la kawaida. Sasa mwache mtu alizungushe wewe ukiwa mbele. Shika kalipa ya kushoto kwa mkono na uisukume kuelekea upande linakozungukia gurudumu la mbele pikipiki ikienda. Gurudumu la nyuma lisimame. Achia. Linatakiwa lifunguke papo hapo na lizunguke kama mwanzo. Rudia mara kadhaa. Likibaki zito, hata kidogo, masta hiyo haifai. Usikubali kuambiwa "ikitembea itaachia yenyewe".

Fungua macho pia kwenye kikopo cha mafuta ya breki. Mafuta mapya ya DOT 4 yana rangi ya manjano mepesi. Yakiwa ya kahawia, hayajaguswa muda mrefu, na kawaida yake ni kubadilishwa kila miaka miwili yawe yametembea au hayakutembea.

Kwa kuwa imekaa, fungua na tenki. ST1300 inabeba kama lita 29, na sehemu ya mafuta hayo iko kwenye tenki la pili chini ya kiti. Nusa. Petroli iliyochacha ina harufu kali ya rangi ya mbao. Mulika kwa tochi uone kutu. Uliza ilihifadhiwaje: tenki lilikuwa limejaa au nusu, betri ilitolewa, iliwekwa juu ya dabo stendi? Mtu aliyeihifadhi kwa makini ana majibu, hata goti likiwa bovu.

Ulisema ulizoea kuangalia cheni. Zote hizi mbili hazina cheni ya nje; zina shafti na difu nyuma (boksi la gia linalopokea nguvu ya shafti na kuzungusha gurudumu). Pikipiki ikiwa kwenye dabo stendi, shika tairi la nyuma juu na chini, livute na kulisukuma. Kukiwa na kucheza, ni beringi za gurudumu, za difu au za mkono wa nyuma, na hakuna hapo ya kupuuza. Pitisha kidole chini ya difu pale inapokutana na gurudumu: kikirudi na oili, sili imekwisha. Ukiruhusiwa, fungua boliti ya kujazia oili ya difu. Ungaunga laini wa chuma ni wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa kucha, ondoka.

Shingo ya usukani: mtu akalie nyuma mpaka gurudumu la mbele linyanyuke, wewe geuza usukani taratibu kulia na kushoto. Usikie laini mwanzo hadi mwisho. Kama katikati kuna kijishimo kinachoupokea usukani ukae, beringi za shingo zimechoka. Kwenye pikipiki nzito hilo hujitokeza kama mtikisiko unapoachia mafuta mwendo ukishuka kwenye kilomita 80 hadi 60 kwa saa, ingawa tairi la mbele lililoliwa vibaya nalo huleta hivyo hivyo.

Tairi zisikuchukulie muda. Tafuta neno DOT ubavuni, tarakimu nne za mwisho: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata zikiwa nene na tairi likiwa la zamani hivyo, hesabu tairi mbili mpya kwenye bei. Kwenye hiyo ya kilomita 19,000 sitashangaa ukizikuta za zamani sana.

Umeme: nenda na mita ya kupimia volti. Betri ikiwa imepumzika isome kama volti 12.6. Injini ikiwaka na ukaongeza mafuta kidogo, isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki chini, tatizo ni alteneta au rektifaya (kifaa kinachodhibiti chaji ya betri). Ikipita 15, rektifaya inaunguza betri. Kwenye FJR za miaka hiyo uliza kuhusu viunganishi vya ethi vya wayaringi, vilikuwa vinapata joto na kuyeyuka. Ukiwa na namba ya chesisi, wakala wa Yamaha anaweza kukuambia kama pikipiki hiyo ilikuwa na wito wa kurekebishwa na kama ulifanywa.

Kama pikipiki ina ABS (mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge ukifunga breki), ukiweka ufunguo taa yake lazima iwake kwanza, ndipo izime ukianza kutembea. Taa isiyowaka kabisa inanitia wasiwasi kuliko inayogoma kuzima, maana kuna watu huondoa balbu.

MkaaNyuma:

Bi_Spana kaeleza ya injini, mimi naongea kwa niaba ya shemeji yetu, maana kiti cha nyuma ndiyo makazi yangu na mume wangu haanzi safari bila mimi.

Kaka Njiapanda, nenda naye Jumamosi. Asikae tu pikipiki ikiwa imesimama akasema pazuri. Apande na kushuka zaidi ya mara moja masanduku yakiwa yamefungwa, kwa sababu masanduku ndiyo yanayomzuia mtu kupitisha mguu. Magoti yake yamekunjika kiasi gani akiweka miguu kwenye vikanyagio? Pembe ndogo dukani ni maumivu ya nyonga baada ya saa tatu. Sanduku la nyuma kama lipo, mgongo wake ulifikie bila yeye kujilaza.

Halafu uzito. Tafuta kibandiko cha uzito wa juu unaoruhusiwa, mara nyingi kipo kwenye fremu au chini ya kiti. Jumlisha wewe, yeye, mizigo na masanduku yenyewe. Watu wawili wenye miili yao wakijaza masanduku matatu hufika kwenye kikomo upesi sana. Sanduku la juu nyuma lina kikomo chake kidogo, limeandikwa ndani. Likizidishwa, mbele panakuwa pepesi na usukani unayumba.

Na mjaribu kirekebishi cha shokapu la nyuma. FJR ina mkono wa kugeuza kati ya laini na ngumu, ST1300 ina kitasa cha kuzungusha. Wenye pikipiki wanaoendesha peke yao huwa hawavigusi, vinaganda kwa kutu. Kama hakigeuki, abiria wako atapigwa na kila shimo.

Kilomita_Nyingi:

Nitakuwa mfupi. Namba ya chesisi ni herufi na tarakimu 17, imegongwa kwenye fremu karibu na shingo ya usukani. Isome mwenyewe kwenye chuma, si kwenye kibandiko, uilinganishe na kadi moja baada ya moja. Herufi I, O na Q hazitumiki kwenye namba hizo, ukiziona jiulize. Sehemu iliyopigwa msasa au rangi mpya hapo tu, sina mazungumzo zaidi na muuzaji.

Funguo ziwe mbili, na zifungue masanduku yote pia. Pikipiki yenye immobilaiza (kizuizi cha wizi kinachokataa kuwaka bila ufunguo uliosajiliwa) ikiwa na ufunguo mmoja tu ni gharama inayokusubiri. Baadhi ya Yamaha huja na ufunguo mwekundu wa kusajilia mwingine. Muulize uko wapi.

Dalili za kuanguka: ncha za levya za breki na klachi, ncha za usukani, pembe za chini za masanduku. ST1300 ina mabawa ya plastiki pembeni ya injini yaliyowekwa ili yapokee pikipiki ikilala. Piga magoti uyaangalie chini. Pikipiki kulala ubavu ikiwa haitembei si dhambi, mashine ya zaidi ya kilo 320 humponyoka mtu. Dalili mbaya ni ile ya kwenye vizuizi vya usukani pale shingoni: vikiwa vimebonyea au rangi imepasuka, hiyo iligonga kitu kwa mbele.

Njiapanda:

Nimerudi wakuu, asanteni kwa kweli. Nilikwenda na mke wangu kama alivyoshauri dada MkaaNyuma.

ST1300: mafuta ya breki kahawia. Tairi ya mbele imeandikwa 1411. Nilifanya lile zoezi la kalipa; mara ya kwanza gurudumu liliachia, mara ya tatu likabaki limeshika, ikabidi nilizungushe kwa mikono miwili. Muuzaji ni mtu mwema, naye hakuwa anajua, akashtuka kweli. Funguo mbili zipo, chesisi safi.

FJR: ilikuwa baridi kama nilivyoomba. Tapeti zilipimwa mara mbili, na kila mara kuna karatasi ya vipimo. Difu kavu, shingo laini, volti 14.2. Mke wangu kaipenda zaidi kwa magoti. Lakini ilipowaka nilisikia ule mchakarisho, kama sekunde tatu, halafu kimya. Mwenyewe anasema "zote ziko hivyo". Nilipoiendesha nikiwa gia ya tano mwendo mdogo nikavuta mafuta yote, haikuteleza klachi. Nifanyeje?

Bi_Spana:

Umekagua vizuri sana, wengi hawafiki hata kwenye kalipa.

Ile Honda usiichukue kwa bei hiyo, na mwambie mwenyewe asiiendeshe wala asimuuzie mtu kabla breki hazijafunguliwa zote. Mpe maelezo yale niliyoyaandika, ni haki yake ajue. Akitengeneza masta, akasafisha nozeli na kubadilisha tairi, mipira ya maji na vimiminika vyote, itakuwa pikipiki nzuri. Ila hesabu hiyo iwe yake, au ikatwe yote kwenye bei. Silinda za injini hiyo zimepangwa kwa umbo la V, na mipira mingine ya maji imejificha katikati ya V hiyo, kuifikia ni kufumua sana.

FJR ndiyo yako. "Zote ziko hivyo" si kweli. Nyingi ziko hivyo kwa sababu nyingi tenshena zake zimechoka. Mwambie unainunua tenshena ikiwa mpya, afunge yeye au akukatie gharama. Akikata gharama, usiiendeshe kwenda nayo nyumbani. Ibebe kwenye gari. Fundi wakati wa kuibadilisha azuie cheni isilegee, kwa kuwa tenshena ikitoka bila cheni kushikwa inaweza kuruka meno hapo hapo mezani kwake. Na asigeuze injini hata robo mzunguko mpaka mpya ifungwe. Anunue na gasketi yake mpya, asirudishe ya zamani.

Ukishaipata, fungua gurudumu la nyuma mapema upake grisi ya molibdenamu kwenye meno ya shafti na ya gurudumu. Hujataja kama daftari la FJR limeandika hilo. Likiwa halijaandika, chukulia hayajapakwa.